Tembo la Baba

Binti yangu alipokuwa darasa la kwanza, mwaka 2006, mwalimu wake aliinua picha ya mnyama mwenye mkonga akauliza, "Huyu ni nani?" Darasa zima likajibu, "Tembo!" kwa sababu kitabu kiliandika hivyo. Binti yangu akanyosha mkono. "La, mwalimu. Huyu ni ndovu. Tembo ni ile anayokunywa baba."

Kwa Kiswahili cha kwetu pwani mtoto alikuwa sahihi. Mnyama ni ndovu. Tembo ni kinywaji kinachogemwa mnazini. Mwalimu wake alinisimulia kisa hicho tulipokutana dukani, akicheka, na mimi nikacheka. Wakati nacheka nilikuwa nikijitahidi nisimsogelee sana, asije akanusa.

Sasa nina miaka kumi na saba sijaonja. Niliacha Novemba 2008. Mtoto wangu wa pili, mvulana, alizaliwa 2011, kwa hivyo hajawahi kuniona nimelewa hata siku moja. Kwa muda mrefu niliona hiyo ndiyo bahati yangu kubwa. Nina mtoto mmoja anayejua, na mmoja asiyejua. Yule anayejua alikuwa ameshakua na kuhamia kazini Ukunda. Yule asiyejua nilikuwa naye nyumbani Vanga, ananiita "mwalimu" kwa utani, ananishika mkono tukienda msikitini.

Mapema mwaka 2025 alikuja na kazi ya shule: aandike historia ya familia yake, ukurasa mmoja na nusu. Nilifurahi, maana mimi mwenyewe nimefundisha historia maisha yangu yote. Tukaketi ukumbini. Babu yake mzaa baba, mvuvi. Bibi yake, Mdigo wa upande wa Lunga Lunga. Mama yake, wa Msambweni. Alipofika kwangu akaandika "mwalimu", kisha bila kuinua macho akauliza, "Baba, ati zamani ulikuwa mlevi? Nimeambiwa barazani."

Nikamjibu, "Hebu malizia hiyo ya bibi kwanza."

Usiku ule nilifanya kile ninachokifanya nikiwa sina jibu. Nilifungua vitabu.

*

Historia ya tembo pwani yetu ni ndefu, na sehemu yake kubwa haina aibu yoyote. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, na kotama kiunoni. Hukata ncha ya karara, lile ganda linalofunika maua kabla hayajafunguka, na utomvu hudondoka katika kibuyu. Utomvu ukishuka ni mtamu kama dafu. Huchacha wenyewe, bila kutiwa chochote, na kufikia jioni una nguvu. Ukikaa siku kadhaa unakuwa siki, na siki hiyo ilikuwa jikoni mwa kila nyumba, hata za mashekhe. Kabla ya hamira ya dukani, bibi zetu waliumulia mkate wa kumimina kwa tembo.

Kwa Wamijikenda tembo lilikuwa pia lugha ya heshima. Posa haikuanza bila kadzama, kipimo cha tembo kinachopelekwa kwa wazee wa mke. Wazee waliokufa, yaani koma, walimwagiwa kidogo chini kabla walio hai hawajanywa. Kesi ilipokwisha, walioteta walikunywa pamoja ili watu waone kwamba wamepatana. Mtu aliyekataa kunywa alikuwa kama aliyekataa kuamkiwa.

Halafu kuna mnazi wenyewe. Pwani mtu anaweza kumiliki mti bila kumiliki ardhi ulipoota. Minazi iliuzwa, iliwekwa rehani, ililipa mahari, ilirithiwa. Na kwa Wadigo, watu wa mamangu, kurithi kwenyewe kulikuwa na ugomvi. Kwa mila, mali ya mwanamume ilikwenda kwa watoto wa dada yake. Uislamu ulipoenea kati yao, hasa kuanzia mwisho wa karne ya 19 na kuingia ya 20, sheria ilisema watoto wake mwenyewe ndio warithi. Karne nzima ya 20 wana na wapwa walishitakiana, mbele ya wazee na mbele ya makadhi, na mara nyingi kilichogombewa kilikuwa minazi. Ukitazama kwa jicho la mzazi, mabishano yale yalikuwa juu ya swali moja: baba anamwachia nini mtoto wake?

Jambo moja zaidi kuhusu mnazi, na nitalirudia baadaye. Karara linalogemwa halizai. Mti unaotoa tembo hautoi nazi kutoka makarara hayo. Lazima uchague.

*

Vanga yenyewe ni mji wa Kiislamu wa tangu jadi, mji wa Wavumba, na hapa tembo halikuuzwa mlangoni kwa mtu. Mnywaji alitoka mjini. Alikwenda mashambani, au alivuka mpaka.

Mpaka huu ni habari yenyewe. Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi mwaka 1886, maandishi yao yalianzia hapa kwetu: mstari utoke mdomoni mwa mto Wanga, au Umba, uende hadi Ziwa Jipe. Waliochora hawakutuuliza. Lakini mlevi wa mpakani hujifunza haraka faida ya mstari. Kilichokatazwa upande huu alikitafuta upande ule. Enzi zangu kulikuwa na viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali vilivyotoka Tanzania. Huko navyo vilikuja kupigwa marufuku Machi 2017, wakati mimi nilikuwa nimeshaviacha zamani.

Sheria za pombe nazo zina historia. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1890 uliwekea vizuizi uingizaji wa pombe kali sehemu kubwa ya Afrika ya joto. Serikali ya kikoloni ikaendelea na mtindo huo: hadi miaka ya 1950 Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kununua pombe kali ya chupa ya Wazungu. Tembo la mnazi maofisa walilitazama kwa jicho la kazi na kodi. Walinung'unika kwamba linawafanya wanaume wasiende kuajiriwa mashamba ya watu. Huku Nairobi, mwaka 1922, ndugu wawili Waingereza walianzisha kiwanda cha bia. Mwaka uliofuata mmoja wao, George Hurst, akauawa na ndovu, na bia ikaitwa Tusker, na ndovu akapigwa chapa kwenye lebo. Kwa hivyo bara nako, tembo wawili walikutana, ila wao walikutania chupani.

Baada ya uhuru ikaja sheria ya kupiga marufuku chang'aa, 1980. Ikadumu miaka thelathini, na chang'aa ikadumu nayo. Mwaka 2010 ikafutwa na sheria mpya ya kudhibiti vileo, ambayo Wakenya wengi waliiita "sheria ya Mututho" kwa jina la mbunge aliyeisukuma. Ile ilisema baa zifunguliwe saa ngapi, nani apewe leseni, na kwamba aliye chini ya miaka 18 asiuziwe.

Nilisoma yote haya tena usiku ule. Karatasi za zaidi ya miaka mia moja zinataja muuzaji, mnunuzi, mfanyakazi mtoro, mlipa kodi. Mtoto anatajwa kama mtu asiyefaa kuuziwa. Kama mtu anayemngoja baba yake arudi, sikumkuta.

*

Kitabu nilichokisoma hadi alfajiri ni cha David Parkin, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyekaa na Wagiriama wa Kaloleni katikati ya miaka ya 1960. Kilitoka 1972, na jina lake lina minazi, tembo na mashahidi. Parkin alikuta vijana waliokuwa wakinunua minazi na mashamba ya wenzao. Kununua huko hakukuwa na hati. Hati ilikuwa vichwa vya wazee: wao ndio waliokumbuka mti huu ni wa nani, na walikunywa siku gani kuthibitisha. Kijana aliyetaka mali aliwahitaji wazee. Na kuwahitaji wazee maana yake ni kunywa nao, kuwanunulia, kukaa matangani siku nzima. Pesa zote zingeishia mtungini.

Angesema tu, "Wazee, mimi sinywi"? Thubutu. Angeonekana ana kiburi, na mwenye kiburi aliyefanikiwa hushukiwa na huogopa kurogwa.

Njia iliyopatikana ni hii. Kijana aliugua. Mganga alitazama akasema amepandwa na jini wa Kiislamu. Jini huyu hataki tembo, hataki nyama isiyochinjwa kwa halali, anataka mtu afunge Ramadhani. Dawa ni kumtii. Basi kijana akaacha kunywa, na wazee hawakukasirika, maana asiyekunywa hakuwa yeye, alikuwa jini. Heshima ya wazee ilibaki, na pesa za kijana zilibaki.

Wengine husoma habari hii wakacheka: ujanja mtupu. Mimi siamini hivyo. Sidhani wale vijana walikuwa wakiigiza. Nadhani waliugua kweli. Mtu aliyebanwa pande zote huugua. Na jamii iliyompa mlango wa kutokea bila kumvunjia uso ilikuwa na huruma ambayo sheria ya 1980 haikuwa nayo.

Lakini niliposoma usiku ule nilimuona mtu mwingine kabisa. Nilijiona mimi.

*

Niliacha pombe kwa msaada wa watu. Kulikuwa na kikao Mombasa cha watu waliokwisha kuacha, wakifuata njia iliyoanzishwa na wanaume wawili, dalali wa hisa na daktari, huko Akron, Marekani, mwaka 1935. Nilikuwa nikitoka Vanga alfajiri, matatu hadi Lunga Lunga, matatu hadi Likoni, nivuke kwa feri. Mara mbili za kwanza nilisimama nje nikarudi. Mara ya tatu niliingia. Watu walisema jina moja tu, na walisema walichokifanya. Nilirudi pia msikitini, nikakumbuka tulivyofundishwa chuoni kwamba katazo la pombe halikushuka siku moja. Lilikuja kwa hatua, kwanza kuonywa, kisha msisali mkiwa mmelewa, mwisho acheni kabisa. Hilo lilinipa moyo. Nilikuwa nimeshaanguka mara mbili.

Lakini huku nyumbani, barazani, nilisema nini? Nilisema nina vidonda vya tumbo.

Daktari kanikataza, nikasema. Pombe, hapana. Na ili uongo usimame ilinibidi niutegemeze: nikaacha pilipili. Vanga hii, mji wa samaki wa kupaka na achari, nimekula miaka kumi na saba bila pilipili. Kijana wangu tangu akiwa mdogo akimwona mgeni anataka kunitilia husema, "Baba hatumii, ana vidonda." Amenilinda miaka yote dhidi ya ugonjwa ambao sina. Vidonda vile vilikuwa jini wangu.

Kwa baraza, jini anatosha. Baraza linataka tu kujua kama utakunywa au hutakunywa, na kama umelidharau. Nilichokuwa sijakiona ni kwamba mtoto hauliza swali la baraza. Mtoto anauliza: wewe ni nani, na je, mimi nitakuwa hivyo? Ukimpa jini, umemwambia kwamba baba yake hakuwapo.

*

Sasa nirudi kwa mnazi.

Binti yangu alipozaliwa, 1999, mamangu alizika kitovu chake shambani na kupanda mche wa mnazi juu yake. Mnazi wetu mrefu huchukua miaka mingi kuzaa. Bibi akamwahidi mjukuu, "Dafu la kwanza ni lako." Kila likizo mtoto alikwenda kuupima kwa urefu wake.

Mimi wakati huo nilikuwa na deni kwa mgema. Sina haja ya kupamba. Nilimpa miti minne agome nayo deni, na mmoja ulikuwa ule. Ulikuwa mfupi bado, rahisi kupanda. Karara lake la kwanza maishani lilifungwa kamba, likakatwa, likatundikwa kibuyu. Binti yangu alikwenda likizo ya Agosti 2008 akakuta hivyo. Akamuuliza bibi yake, bibi akamwambia, "Muulize babako." Akaniuliza. Nikamwambia mnazi unaumwa, kile kibuyu ni dawa.

Mwezi uliofuata mama watoto akamchukua wakaenda kwao Msambweni. Novemba nikaacha pombe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisimulia katika kikao cha Mombasa, miaka yote: Agosti mnazi, Septemba wakaondoka, Novemba nikaacha. Nilipoona machozi ya mwanangu, miezi mitatu tu, nikasimama. Wenzangu walilipenda simulizi hilo. Mimi pia nililipenda.

Idd ilipofika binti alikuja kutoka Ukunda. Ana miaka ishirini na sita sasa. Mdogo wake hakungoja hata sahani ziondolewe. "Dada, nina kazi ya shule. Baba alikuwa mlevi?"

Binti akanitazama. Hakuwa akiniomba ruhusa hasa. Alikuwa akitazama nitafanya nini. Nikasema, "Mwambie, mwanangu. Wewe ulikuwapo."

Akamwambia. Hakupaza sauti. Alisema kuhusu kungoja dirishani, na kuhusu kujua nimefikia wapi kwa jinsi nilivyovua viatu. Alisema kuhusu ndovu na darasa kucheka, na kwamba siku ile alipofika nyumbani hakunieleza kwa kuwa aliogopa, si kwa kuwa alisahau. Hilo nilikuwa silijui. Kisha akafika kwenye mnazi. "Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka 2007."

Hapo mwalimu wa historia akaniponyoka. "2008," nikasema.

"La, baba. 2007, nilikuwa darasa la pili. Darasa la tatu nimeanzia Msambweni. Ripoti yangu ya muhula wa kwanza mwaka 2008 ni ya kule, mama anayo."

Mama watoto akatikisa kichwa kukubali.

Nikakaa kimya. Miaka thelathini nimewafundisha watoto wa watu kwamba hati iliyoandikwa siku ile hushinda kumbukumbu ya mwenye kujitetea. Kama wao waliondoka kabla ya Januari 2008, basi kati ya kibuyu na kuacha kwangu haikuwa miezi mitatu. Ilikuwa mwaka na zaidi. Mwaka mzima nilikunywa peke yangu katika nyumba isiyo na mtu, mwanangu akiwa shule nyingine akingoja nipone au nisipone, na mwaka huo nilikuwa nimeufuta. Sikuufuta kwa makusudi. Uliondoka wenyewe, kwa kuwa simulizi lilikuwa zuri zaidi bila huo.

Wazee wa Kaloleni walikunywa ili wakumbuke mti ni wa nani. Mimi nilikunywa nikasahau mti ni wa nani, na hata baada ya kuacha niliendelea kusahau kidogo, kwa faida yangu. Shahidi alikuwa mtoto wa miaka minane. Nashukuru Mungu hakuwa mlevi, na nashukuru alikuja mezani.

Mnazi ule, niseme tu kwa kuwa watu huuliza, ulipona. Mti ukiachwa kugemwa, karara linalofuata hufunguka, na mwaka mmoja baadaye unapata nazi zilizokomaa. Binti yangu hajawahi kunywa dafu lake. Huuza nazi kwa mchuuzi na pesa humpa bibi yake. Sijamuuliza kwa nini, wala sidai anieleze.

Kijana alikuwa ameshika kalamu muda wote. "Baba, niandike nini sasa? Uliacha kwa sababu gani?"

Ningeweza kusema dini, na ingekuwa kweli. Ningeweza kusema dada yako, na ingekuwa nusu ya kweli.

"Andika baba alikunywa mpaka Novemba 2008," nikasema. "Andika dada aliumia. Andika aliacha, na watu walimsaidia."

"Na vidonda vya tumbo?"

"Sina, mwanangu. Sijawahi kuwa navyo."

Akanikodolea macho. Nadhani lile la pombe alikuwa ameshalijua kwa muda. Hili la vidonda ndilo lililomshtua. Dada yake akaangua kicheko, cha kwanza tangu tukae. Mama watoto hakusema neno. Alichukua kibakuli cha pilipili ya kusaga akakisogeza mbele yangu.